Msiba wa Bi Dorini

Mlango wa nyumba ninayopanga sasa, hapa Barking, una tundu la barua lenye kifuniko kizito cha chuma. Karatasi ikisukumwa kutoka nje, kifuniko hujirudia kwa kishindo, kwap, kisha husikika kitu kikianguka juu ya zulia. Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa na chai yangu ya rangi, nawaza ninayoyawaza kila nikishatulia mahali, kwamba nihamie wapi tena, mara nikasikia kwap. Nikaenda kuokota. Ilikuwa picha ya mwanamke nisiyemjua, anacheka, anaomba kura yangu ya udiwani. Karatasi ilikuwa mpya, bado inanuka wino. Nikaipeleka puani kama mtu anayenusa andazi, na papo hapo Barking ikanitoka. Nilikuwa Thamesmead, nina miaka tisa, nimepiga magoti kwenye kijia chembamba cha flati yetu, na nyuma yangu mama anauliza, "Nani tena huyo? Amekuja kwa lipi?"

Thamesmead ya siku hizo ilikuwa ya zege tupu. Majumba ya zege, ngazi za zege, njia za juu kwa juu zinazotoka jengo hili kwenda lile, na chini yake maziwa ya kuchimbwa yenye mabata na takataka. Mvua ikinyesha, kuta ziligeuka nyeusi kama sufuria ya kuni. Farasi wasio na mwenyewe walikula majani karibu na kituo cha basi. Mama alikuwa akisema, "Mji huu kaujenga mtu mwenye akili nyingi, kisha akasahau kuweka maduka." Baba alifanya kazi kwenye maghala ya Hayes, upande wa pili kabisa wa London, karibu na uwanja wa ndege, akilala hukohuko na kuturudia mwisho wa wiki. Mama alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kwa hiyo jioni, wakati wa kutoka skuli, mtu wa kunichukua hakuwa mama wala baba. Alikuwa Bi Dorini.

Bi Dorini alikaa flati ya chini yetu. Alikuwa Mwingereza mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kugawa chakula cha mchana skulini kwetu, na nguo zake zilinuka kabichi na sabuni. Kengele ikilia alinishika mkono, tukarudi wote nyumbani kwake, akanipa mkate wa kuchoma wenye maharage ya kopo, nikamngojea mama mbele ya televisheni yake. Siku moja vijana wa jengo la jirani walitutupia maneno machafu, ya rangi yangu. Bi Dorini aliwatoa mbio na mwavuli, na kila mmoja alimtaja kwa jina la mama yake.

Yeye na mama walikuwa na lugha yao. Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuhesabika, na Kiswahili cha Bi Dorini hakikuwepo, basi walizungumza kwa sahani. Mama alipeleka chapati, au kipande cha mkate wa kumimina, na sahani ikarudi na biskuti, au tufaha, au keki iliyoungua kidogo upande mmoja. Hakuna aliyemfundisha Bi Dorini kwamba kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Alilijua mwenyewe, na mama alimheshimu sana kwa hilo. "Huyu," alikuwa akiniambia, "kazaliwa huku kwa bahati mbaya."

Mwaka ninaousema, diwani wetu alihama, kiti kikawa wazi, na Bi Dorini akaamua kukigombea. Sababu yake ilikuwa lifti. Lifti ya jengo letu ilikuwa inafanya kazi kama mtu mvivu, leo ndiyo, kesho hapana, na ilipofanya kazi ilinuka mkojo. Bi Dorini alikuwa amechoka kuwaona kina mama wakipandisha vigari vya watoto kwa ngazi. Chama chake kilimpa mabango mekundu yenye sura yake, nywele zimetiwa mawimbi kwa mashine, hata mimi sikumtambua mara ya kwanza.

Mama alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na kitu ndani, kama mchele wenye changarawe. Jioni moja alikuwa ananisuka, nikakaa katikati ya magoti yake, akaanza kunieleza. Alizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, na utoto wake ulikuwa katika ile miaka ya vyama, kabla ya mapinduzi, ambayo Wazanzibari mpaka leo wanaiita zama za siasa. Watu waligawana kila kitu. Mtu wa chama hiki hakununua sukari dukani kwa mtu wa chama kile. Harusi zilisusiwa. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na shoga yake anaitwa Bi Mwanaidi, wamepakana ukuta, wanapeana kaa la moto na kitoweo kupitia mlango wa uani. Waume zao wakaingia vyama mbalimbali. Kwanza salamu zikawa fupi, kisha zikawa hazipo. Bibi alipofariki, waliokuja kumwosha walitoka mtaa wa mbali. Mlango wa Bi Mwanaidi ulifungwa siku zote za matanga, na yeye yumo ndani.

"Tulimsikia anakohoa," mama alisema, akanivuta nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Siasa ni moto wa makumbi ya nazi, Rukia. Huoni ukiwaka. Unakuja kuona majivu."

Mambo makubwa zaidi ya hayo yalikuja baadaye, mapinduzi yakaja, jamaa wakatawanyika Arabuni na Ulaya, lakini mama alipokumbuka kwao, alichokikumbuka kwanza ni mlango ule.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jumamosi moja mama alikuwa anapepeta mchele jikoni, mimi nikitwanga tangawizi na vitunguu saumu, tukasikia mlangoni, kwa sauti ya kiume, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Thamesmead watu walibonyeza kengele. Hodi tulikuwa hatujaisikia tangu tuhamie pale. "Karibu!" ilimtoka mama kabla hajajua anamkaribisha nani.

Alikuwa mwanamume wa Kihindi, mwembamba, mwenye koti refu na beji ya buluu kifuani, anahema.

"Umejuaje kama hapa pana Waswahili?" mama akamwuliza, bado anashangaa.

"Pua, mama. Nimepanda ngazi nafuata tangawizi."

"Lifti mbovu."

"Nimeiona. Ndiyo maana nakufa." Akacheka, akavua viatu bila kuambiwa. "Mie naitwa Jayanti. Mwanza kwa kuzaliwa, Unguja kwa kuoa. Baba mkwe wangu alikuwa na duka Darajani, akauza vitambaa mpaka tulipoondoka."

Mama akamtajia maduka ya Darajani, na yeye akamtajia vichochoro. Alikuwa Mhindu asiyekula nyama, basi mama akamkaangia kachori za viazi, na yeye akazila huku amefumba macho. Hapo ndipo alipoeleza kwamba ana duka la dawa upande wa pili wa mtaa wetu wa majumba, na kwamba anagombea udiwani, kiti kilekile cha Bi Dorini. Mimi nikamtazama mama. Mama akatazama kikombe chake.

"Nikiweka bango moja tu hapo dirishani, Mama Rukia, itakuwa vibaya?"

Wasomaji wangu, ninyi mnajua. Mtu amepiga hodi, umemwambia karibu, amekula chakula chako, amekukumbusha kwenu, halafu anaomba kipande cha kioo. Utamjibu nini?

"Nyumba yako hii," mama akasema.

Na Bwana Jayanti, ambaye miaka mingi ya Uingereza ilikuwa imemfundisha kuchukua neno kama lilivyosemwa, akatoa bango la buluu na utepe wa gundi, akalibandika vizuri katikati ya dirisha la jikoni, linaloangalia njia wanakopita watu wote. Alipoondoka mama alisimama nyuma ya lile bango, mkono kinywani. "Ya Rabi. Nimefanya nini mie?"

"Libandue," nikasema.

"Kitu alichokiweka mgeni?" Akaniuliza kwa namna ambayo sikuendelea.

Jumatatu Bi Dorini alinirudisha kutoka skuli kama kawaida, ila siku hiyo mama alikuwa nyumbani, basi akanipandisha mpaka kwetu. Tulipofika kwenye njia, alisimama. Akalitazama dirisha. "Naona," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Mama akafungua mlango na chai iko tayari mezani, ina maziwa mengi kama Bi Dorini anavyopenda. Bi Dorini akasema ana haraka, akashuka.

"Hakunywa chai," mama akasema. Baadaye, anakatakata mboga, akasema tena, "Hakunywa chai, yule."

Kesho yake akanituma chini nikaombe bango jekundu. Bi Dorini alinipa, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie mama yako dirisha si uwanja wa mpira," akaniambia. Mama akalibandika jekundu kando ya buluu, ukubwa sawa, urefu sawa, akapima kwa kiganja. Jengo zima likapata kichekesho. Mzee mmoja wa ghorofa ya juu, Mwairishi, akatupa jina: nyumba ya sare. Watoto skulini waliniuliza kama mama yangu ana vichwa viwili. Niliona aibu mpaka nikawa napita njia nikitazama viatu vyangu.

Bi Dorini hakuacha kunichukua. Hilo nalisema kwa haki yake. Maharage yalikuwa yaleyale, mkono wake uleule. Lakini mama alipopeleka chapati wiki ile, sahani ilirudi imeoshwa, inang'aa, na juu yake hamna kitu. Mama aliipokea, akaigeuza chini juu, kana kwamba kuna kitu kimenata upande wa pili. Akaiweka kabatini, na nilimwona amekaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake la kazini, hajalivua. Hakuwa na jirani mwingine London nzima. Na mimi, kwa utoto wangu, nilifikiri anawaza nani atanichukua skuli.

Siku ya kura skuli yetu ilifungwa ili ukumbi utumike, nasi tuliotoka nchi za Jumuiya ya Madola tuliruhusiwa kupiga kura. Mama alivaa buibui yake nzuri na kiatu cha Idi. Njia nzima alinibana mkono. Ukumbi ulinuka rangi ya sakafu na uji wa maziwa wa mchana wa jana. Mama akachungulia huku na huku. "Askari wako wapi?" akaninong'oneza. Hapakuwa na askari. Palikuwa na vikongwe wawili nyuma ya meza, na chupa ya chai, na mmoja anafuma soksi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi. Mama akaingia kwenye kile kibanda cha mbao, nami nikabaki naitazama miguu yake. Haikusogea kwa muda mrefu mpaka yule mfumaji akainua kichwa.

"Umempa nani?" nilimwuliza njiani.

"Kura ni kama nguo ya ndani, mwanangu. Unaivaa, huionyeshi."

Mpaka leo hajasema.

Asubuhi yake aliyetuletea habari ni muuza maziwa, anagonga chupa zake mlango hadi mlango. Bwana Jayanti kapata. Bi Dorini kakosa, tena kwa kura chache sana, za kujaza basi moja tu. Mama akashika kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akafunga kanga kiunoni, akatoa kuku kwenye barafu. Akapiga simu kazini, akasema kwa Kiingereza chake kwamba kuna msiba kwa jirani, na kwa hesabu yake hakusema uongo. Akapika wali wa nazi na mchuzi wa kuku, bila pilipili, bila mbwembwe, chakula cha kuwapelekea wafiwa ambao hawakuwasha moto. Alipomaliza akajitanda kanga mbili, moja ya kichwani, akachukua mkeka wetu wa ukili kutoka chini ya kitanda, akaukunja kwapani.

"Chukua sufuria."

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikimjibu nikitaka kumwudhi, kwamba hakuna mtu aliyekufa.

"Kimya. Chukua sufuria, twende."

Lifti ilikuwa mbovu. Tukashuka ngazi, mimi na sufuria, mama na mkeka, nikiomba tusikutane na mtoto yeyote wa darasani. Mlangoni kwa Bi Dorini mama alisimama kidogo. Akagonga.

Bi Dorini alifungua yuko na gauni la nyumbani, macho mekundu, nywele zile za bango zimeanguka. Akamtazama mama, akatazama mkeka, akanitazama mimi kama mtu anayetafuta mkalimani. Mama hakungoja tafsiri. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole. Pole, shoga yangu," akaingia, akatandika mkeka juu ya zulia la maua, akaketi, akanyoosha miguu. Akanyamaza. Kwetu mfiwa hapigiwi maneno mengi, unakaa naye tu. Bi Dorini alisimama pale muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa kunong'ona, "Anataka nifanye nini, mpenzi?"

"Ukae," nikasema.

Akakaa. Alishuka taratibu, ameshika mkono wa kochi, magoti yanalia, mpaka akafika mkekani kando ya mama. Na alipofika chini, ndipo akalia hasa, mama akamwekea kiganja mgongoni, akawa anasema, "Ndiyo, ndiyo." Baadaye nikawapakulia. Bi Dorini alikula sahani ya kwanza kama mtu mgonjwa na ya pili kama mzima.

Tukiwa hapo mlango ukagongwa, nami nikafungua. Bwana Jayanti, na koti lake refu, na boksi la halua za Kihindi.

Mama aliruka kutoka mkekani kama kijana. Akamzuia mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili, "Bwana Jayanti, hapa pana msiba. Furaha yako ipeleke kwako."

"Najua, mama," naye akavua viatu. "Msiba gani hukaliwa bila jirani?"

Mama akavitazama vile viatu. Akampisha.

"Umekuja kunicheka?" Bi Dorini akapiga kelele kutoka chini, sauti yake ya ng'ambo ya ziwa imerudi.

"Nimekuja kukaa. Halafu nimekuja kukuuliza habari za lifti."

"Ulisema mtaa mzima kwamba lifti si tatizo!"

"Nilikuwa sijapanda ngazi za kwenu kila wiki kuomba kura."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Na wewe ulisema nauza dawa zilizooza."

"Zimeoza!"

"Basi kula halua. Hiyo haijaoza."

Bi Dorini akaichukua. Akaila amemkodolea macho, akaomba nyingine. Kisha akaanza kumweleza habari za lifti, akimtia kidole kifuani, na bwana yule akawa anasikiliza, amekunja miguu kwenye mkeka wa ukili, mchuzi wa kuku ameuepuka, wali mtupu mkononi. Walibishana mchana kutwa. Mama hakuelewa hata robo. Alikuwa anawatazama kwa zamu, huyu na huyu, mdomo wazi kidogo, kama mtoto aliyepelekwa sarakasi. Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ya kichwani ikamwanguka, na Bi Dorini, asiyejua kinachochekwa, akacheka naye.

Lifti ilitengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena. Mimi nilikua, nikamaliza skuli ya sekondari, na tangu hapo sijatulia. Nimeishi Maskati, nimeishi Mombasa, nimeishi Leicester, nimefungua na kufunga masanduku mpaka kufuli zimechakaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia watu kisa hiki kama kichekesho cha mama yangu, aliyedhani kushindwa uchaguzi ni kufiwa. Nikahitimisha kwa kuwasifu Waingereza, jinsi wanavyogombana leo na kula pamoja kesho.

Mpaka mwaka mmoja nilipokuja kumtembelea, tukawa tunakunja nguo, nikamsimulia yeye mwenyewe. Hakucheka. Akaniambia kitu ambacho hakuniambia wakati ananisuka. Mwaka mmoja baada ya bibi kufariki, mume wa Bi Mwanaidi naye alifariki. Babu akakataza mtu yeyote wa nyumba yetu asikanyage kule. Mama alikuwa mtoto, lakini alijipakulia sahani ya wali, akatoka kwa siri peke yake. Akafika mlangoni. Akasikia watu wanasoma Yasini ndani. Akasimama na ile sahani mpaka ikapoa, kisha akarudi nyumbani.

"Hakuna aliyeniona," akasema. "Laiti angekuwepo mtu wa kuniona, nisingerudi."

Akaendelea kukunja mashuka. Mimi nikabaki na foronya mkononi. Nilijua siku zote kwamba sufuria ile haikuwa nzito, mama angeweza kuibeba pamoja na mkeka, na mizigo mikubwa kuliko hiyo alikuwa akiipandisha ngazi zilezile kila wiki. Kumbe alinichukua niwe nyuma yake. Alijua kwamba mbele ya mtoto wake hataweza kugeuka, hata kama mlango usingefunguliwa, na nilipokuwa nimesimama pale nikiona aibu, nikimkunjia uso, nilikuwa namsaidia kugonga.